Kumuenzi Askari Aliyeuawa Kazini

Jioni ya tarehe 13 Aprili 2017, askari polisi waliokuwa wakirudi kutoka lindo walishambuliwa kwa risasi ndani ya gari lao katika eneo la Mkengeni, wilayani Kibiti, mkoani Pwani. Wanane waliuawa na silaha zao zikachukuliwa. Nchi nzima ilishtuka, rambirambi zikatolewa kutoka kila upande, kisha kila familia ikabaki na kaburi lake. Mtoto aliyekuwa ananyonya jioni ile sasa yuko shule ya msingi. Anajua baba yake alikuwa askari. Mengine anayoyajua kuhusu baba huyo yanategemea watu wazima waliomzunguka wameyatunza kiasi gani.

Tumezoea kuipima heshima ya askari kwa siku ya mazishi: gwaride lilikuwaje, nani alihudhuria, kaburi lilijengwa kwa vifaa gani. Hayo yana nafasi yake na familia huyakumbuka. Lakini dini zetu mbili kubwa hazikuishia hapo. Uislamu na Ukristo vyote vinamtaka aliyebaki amwangalie mjane, amlee yatima, alipe deni la marehemu na asimame mbele ya Mungu kwa ajili ya waliofiwa hata baada ya turubai kung'olewa. Ushauri ninaoutoa hapa nauelekeza kwa familia, majirani, viongozi wa dini na askari wenzake wa marehemu, na mwingi wake unahusu muda ule ambao kamera zimekwishaondoka.

Nianze na siku mbili tatu za mwanzo, maana makosa yake huumiza kwa muda mrefu. Mwili wa askari aliyeuawa hudaiwa na pande tatu kwa pamoja. Jeshi la Polisi linataka kumpa heshima zake, ukoo unataka kumpeleka kwao, na dini ina taratibu zake. Juu ya hayo, kifo chake ni kesi ya jinai, hivyo uchunguzi wa maiti lazima ufanyike kabla ya mwili kutolewa. Familia ya Kiislamu, iliyozoea kuzika siku hiyohiyo, huona kila saa ni mateso. Teueni mapema mtu mmoja wa kuzungumza kwa niaba ya familia, mtu mtulivu, ambaye simu yake itakuwa wazi. Huyo aende na imamu, padri au mchungaji kwenye ofisi ya kamanda, wakae pamoja na kupanga: uchunguzi utakwisha lini, heshima za Jeshi zitatolewa wapi, dini itashika saa ngapi, safari itaanza lini. Polisi wetu hupangiwa vituo mbali na kwao, na aliyeuawa Pwani huenda akazikwa Tarime, Rombo au Kyela. Safari ya namna hiyo isipopangwa vizuri, mwili hufika usiku, watu wamechoka, na sala inafanywa kwa haraka.

Nawasihi makamanda wawaulize viongozi wa dini mapema, na nawasihi viongozi wa dini wawaeleze askari kitakachofanyika. Askari wengi Wakristo hawajawahi kushuhudia swala ya jeneza kwa karibu. Waambiwe kwamba ina takbira nne, husaliwa kwa kusimama bila rukuu wala sijida, na kwamba wao wanaweza kusimama nyuma kwa utulivu. Bendera huondolewa, mwili hushushwa kaburini katika sanda, na watu hutupia udongo. Vivyo hivyo, askari Mwislamu anayehudhuria misa ya mwenzake aambiwe wapi akae na lini asimame. Watu waliokaa lindo moja kwa miaka wanastahili kuagana bila mmoja wao kujiona mgeni.

Kuna neno moja ambalo Waislamu hulitamka haraka katika misiba hii, nalo ni shahidi. Wanazuoni wametofautisha shahidi wa uwanja wa vita, ambaye huzikwa bila kuoshwa, na aliyeuawa kwa dhulma, ambaye wanazuoni wengi wanasema huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa kama wengine. Hukumu juu ya malipo yake ni ya Mwenyezi Mungu. Mwachieni sheikh anayeijua elimu hiyo aseme, na ninyi mshike dua. Kwa upande wa Wakristo, somo linalosomwa karibu kila mara ni Yohane 15:13, la kuutoa uhai kwa ajili ya rafiki. Ni somo zuri. Mhubiri akumbuke tu kwamba marehemu alitaka kurudi nyumbani jioni ile, na mjane aliyeketi mbele yake analijua hilo kuliko mtu yeyote. Aanze na uchungu huo kabla hajaingia kwenye sifa.

Baada ya mazishi, ndugu wa dini moja nao huweza kugombana. Familia moja inataka hitima na arobaini, mjomba mmoja anasema hayo hayakufundishwa na Mtume. Wakatoliki watatoa nia za misa kwa ajili ya marehemu, lakini shemeji yao Mlutheri hana desturi ya kumwombea aliyekwisha kufa; kwake ibada ni ya kumshukuru Mungu kwa maisha yake na kuwafariji walio hai. Msiyageuze haya kuwa ugomvi juu ya kaburi bichi. Yako mambo ambayo pande zote zinakubali. Waislamu wote wanakubali dua na sadaka, na wanaijua hadithi inayosema amali za mtu hukatika isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu inayonufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Wakristo wote wanakubali kushukuru, kufariji na kumsaidia mjane. Kila mmoja afanye analoliamini kwa gharama yake na asimlazimishe mwingine. Kama fedha ni kidogo, na mara nyingi ni kidogo, ada ya shule ya watoto itangulie sherehe yoyote ya arobaini. Hili nalisema bila kusita.

Sasa wasifu wa marehemu. Wasifu mwingi wa askari unaosomwa makaburini ni orodha ya tarehe: alizaliwa, alisoma, alijiunga na chuo cha polisi, alihamishiwa kituo fulani, alipandishwa cheo. Ukimaliza kuusikiliza hujui alikuwa nani. Anayeuandika aende kwa watu watatu: mama yake au aliyemlea, askari aliyekaa naye lindo, na raia mmoja aliyewahi kusaidiwa naye. Kila mtaa wenye kituo una mtu wa namna hii. Ni mama aliyepatiwa mtoto wake aliyepotea sokoni, au kijana aliyekamatwa akiwa hana kosa na askari huyu akamsikiliza. Tukio moja la kweli lenye mahali na siku litadumu kuliko sifa kumi za jumla. Andikeni pia imani yake ilivyokuwa. Alikuwa mwanakwaya? Alikuwa akitafuta pa kuswalia adhuhuri akiwa doria? Au hakuwa mtu wa ibada sana, lakini hakupokea fedha ya mtu? Semeni lililokuwepo. Msimgeuze mtakatifu, kwa sababu walio makaburini wanamfahamu, na uongo mmoja hufanya hata ukweli wote uliobaki utiliwe shaka.

Nalisisitiza hili kwa sababu raia wengi wana kinyongo na polisi. Wapo waliowahi kuombwa rushwa barabarani, wapo waliopigwa bila kosa. Mtu mwenye kinyongo hicho anaposikia askari ameuawa, huweza kunyamaza, na wengine husema maneno mabaya. Kiongozi wa dini asiogope kuligusa jambo hili mimbarani. Aseme wazi kwamba kosa la askari mwingine halifuti haki ya huyu kuombolezwa, na kwamba kumwombolezea huyu hakuwafungi watu midomo kuhusu makosa ya wengine. Nimeona waumini wakipumua wakisikia maneno ya namna hiyo.

Suala la kisasi nalo lina uzito wake. Katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, miaka ile ya 2016 na 2017, waliouawa hawakuwa polisi peke yao. Wenyeviti na watendaji wa vijiji, wazee na viongozi wa chama tawala waliuawa pia, baadhi wakiwa nyumbani kwao. Msiba wa askari na msiba wa mwanakijiji ulikuwa msiba mmoja. Hasira inayotokana na mauaji kama hayo inaeleweka, lakini ikimwangukia asiyehusika huongeza mayatima upande wa pili. Ombeni haki, tena mtaje hivyo katika sala: wahalifu wakamatwe, wahukumiwe mahakamani, na asiyekuwemo asiguswe. Sala hiyo haimpunguzii marehemu heshima yake hata kidogo. Aliapa kulinda sheria.

Na picha za maiti zifutwe. Shambulio likitokea, picha za miili husambaa kwenye makundi ya simu kabla mke hajapigiwa. Picha kama hiyo ikikufikia, usiitume kwa mtu, na mwambie aliyekutumia aifute. Katika mila zetu na katika dini zote mbili, mwili wa marehemu husitiriwa.

Nije kwa mjane, ambako ndiko heshima yote hupimwa. Familia nyingi za askari huishi katika kota za polisi. Baba akifariki, nyumba ile ni ya kazi, na siku itafika ambapo itahitajika kwa askari mwingine. Mjane anayejua hilo halali usingizi. Uongozi wa kituo umweleze mapema na kwa maandishi ana muda gani, na kama kuna mtihani wa taifa mbele ya mtoto, umwombee muda zaidi. Kanisa au msikiti uliomzika usaidie kutafuta chumba cha kupanga na usafiri wa mizigo. Ni kazi ndogo kwa watu ishirini, na kwa mwanamke mmoja aliyefiwa ni mlima.

Mjane Mwislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, kama ilivyoelezwa katika Sura ya Baqara aya ya 234. Akiwa mjamzito, eda yake huisha anapojifungua. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kufuatilia mafao, cheti cha kifo na mirathi. Wapo ndugu wanaoitumia eda kumfungia ndani huku wao wakizunguka ofisini kwa niaba yake, na akitoka anakuta mambo yamekwishaamuliwa. Wanazuoni wamemruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja ya lazima na kurudi kwake usiku. Kufuatilia haki ya watoto wake ni haja. Mwulizeni sheikh, mpatieni maharimu au mwanamke mwenzake wa kumsindikiza, na aende mwenyewe mahali saini yake inapotakiwa. Katika familia za Kikristo hakuna eda, lakini zipo mila za ukoo zinazombana mjane kwa namna hiyohiyo, na mchungaji anapaswa kusimama upande wake.

Kuhusu karatasi nitasema machache yanayokwamisha wengi. Jina la marehemu kwenye cheti cha kifo cha RITA lilingane na jina la ajira na la kitambulisho. Jina moja likikosewa, faili husimama. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitafutwe mapema. Kikao cha ukoo kinachompendekeza msimamizi wa mirathi kiandikwe muhtasari wenye saini, na mjane awemo kikaoni. Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mirathi nyingine huanzia mahakama ya juu yake, kwa hiyo ulizeni kabla ya kujaza fomu. Msimamizi ni mtumishi wa warithi, anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni, na hana ruhusa ya kujigeuza mwenye mali. Mafao ya wategemezi kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii yana taratibu zake, tofauti na kugawana shamba au nyumba, na mjane aelezwe tofauti hiyo na ofisi yenyewe badala ya kuisikia kwa shemeji.

Deni halisahauliki. Tuna desturi nzuri ya kutangaza msibani kwamba anayemdai marehemu aonane na familia. Askari wengi wana mikopo, iwe benki au kwenye ushirika wao wa URA SACCOS. Ulizeni kila mkopo una bima gani na uliachwa na salio gani, kisha mjue kilichobaki. Mtume Muhammad (S.A.W.) alisita kumswalia mtu aliyekufa na deni mpaka sahaba wake akajitolea kulibeba. Askari wenzake wakichanga na kumaliza deni la dukani ambalo marehemu aliliacha, wamemfanyia jambo kubwa kuliko shada lolote.

Watoto waelezwe ukweli kwa kadiri ya umri wao. Mtoto wa miaka mitano anayeambiwa baba amesafiri atasubiri mlangoni, na siku atakayosikia ukweli shuleni atawachukia waliomficha. Mwambieni baba amekufa, ameuawa na watu wabaya akiwa kazini, tumemzika mahali fulani, na tunamwombea. Mpelekeni kaburini. Sare na vifaa vya kazi ni mali ya Jeshi na hurudishwa, kwa hiyo familia iulize mapema ni kitu gani inaweza kubaki nacho. Kama hakuna, zipo picha, vyeti, saa yake, msahafu au Biblia aliyokuwa akiisoma. Wekeni vitu hivyo pamoja na wasifu ule mlioandika vizuri, mahali mtoto anapoweza kuvifikia.

Askari wenzake husahaulika kwa sababu wanaonekana wagumu. Afande halii mbele za watu. Lakini yupo aliyebadilishana zamu na marehemu siku ile, na yupo aliyenusurika ndani ya gari lilelile. Hao hubeba mzigo usiosemwa, na wengine huutua kwenye pombe. Imamu na padri wa mtaa wafike kituoni bila kusubiri mwaliko, wiki ya pili na mwezi wa tatu, wakae na askari mmoja mmoja. Wasiende na hotuba. Mkuu wa kituo awape chumba na muda.

Kumbukumbu za kila mwaka zinahitaji siku, maana lisilo na siku huahirishwa. Waingereza wana Siku ya Kitaifa ya Kuwakumbuka Polisi tangu 2004, inayofanyika Jumapili iliyo karibu na 29 Septemba, sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli, ambaye Wakatoliki wa nchi nyingi humwona msimamizi wa polisi. Marekani walitengewa tarehe 15 Mei na Rais John F. Kennedy mwaka 1962. Sisi tunayo Siku ya Mashujaa, 25 Julai, na Wakenya wanayo yao, 20 Oktoba. Parokia yenye kota za polisi jirani inaweza kuitumia 29 Septemba, au 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, kuwataja askari waliokufa kazini kwa majina yao. Msikiti unaweza kuandaa futari moja ya Ramadhani kwa familia hizo na kuomba dua baada yake. Majina yasomwe yote, pamoja na ya askari wa usalama barabarani aliyegongwa na lori na ambaye hakuna aliyemtangaza gazetini. Yasomwe pia ya walinzi. Tarehe 25 Agosti 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi. Huyo wa nne alikuwa kazini kama wale watatu, na dua haibagui sare.

Sadaka yenye kuendelea iwe ndogo inayowezekana. Wengine huahidi kisima msibani na kisichimbwe. Afadhali madaftari ya watoto watatu kila Januari, au misahafu kumi ya madrasa aliyosomea marehemu, au kiti kanisani kwao, mradi kitolewe kwa jina lake na kwa wakati. Mmoja wa familia aiandike tarehe na kuisimamia.

Kama mtaani kwako kuna familia ya askari aliyeuawa kazini, hata kama ni miaka mitano iliyopita, nenda wiki hii. Ukifika, mtaje marehemu kwa jina lake, omba pamoja nao kwa dini yao au kaa kimya wakati wao wanaomba, kisha muulize mjane kama mirathi imekwisha na kama ada ya muhula ujao imepatikana. Akisema bado, usiondoke bila kupanga siku ya kurudi.